Zamu za chakula cha jioni kituoni: maswali tunayoulizwa kila wiki

Sisi ni kikundi cha majirani na marafiki wa dini mbalimbali hapa Mwanza. Kila Jumanne na Alhamisi tunapika chakula cha jioni kwa ajili ya kituo kinachohifadhi watoto na vijana waliokuwa wakilala stendi, sokoni na kwenye vibaraza vya maduka. Kabla hujapiga simu kwa mratibu, pitia haya. Kama swali lako halimo, piga.

Kwa nini Jumanne na Alhamisi? Mimi nina nafasi wikiendi tu.

Wikiendi kituo hakina shida ya chakula. Jumamosi wanakuja wanachuo, Jumapili wanakuja wa makanisani, na mwenye siku yake ya kuzaliwa naye huisogeza iangukie hapo. Sikukuu ndiyo usiseme. Krismasi, Pasaka na Idd sufuria za pilau zinapishana getini, soda zinapangwa ukutani kreti kwa kreti, na kesho yake nusu ya watoto wanalalamika matumbo. Halafu inafika Jumanne ya katikati ya Februari, ada za shule zimeshamkausha kila mtu, na mlezi wa kituo amebaki na unga, chumvi na maji ya bomba. Sisi tulianzishwa kwa ajili ya Jumanne hiyo.

Ipo na sababu ya jikoni. Wapishi wetu kadhaa ni Wasabato, hawapiki tangu jua linapozama Ijumaa hadi linapozama Jumamosi. Ijumaa mchana Waislamu wako msikitini, Jumapili asubuhi waliobaki wako kanisani. Jumatatu na Jumatano kituo kinajipikia chenyewe. Siku zilizobaki unaziona mwenyewe.

Ukiwa na wikiendi tu, bado unahitajika: Jumapili jioni ndipo tunachambua maharage na mchele wa wiki nzima. Kazi hiyo haina sifa, lakini jiwe moja kwenye sahani ya mtoto linaharibu chakula chote, na meno ya hapa kwetu hayana bima.

Mnapika nini?

Chakula cha kawaida: wali maharage na mchicha, ugali dagaa na sukuma wiki, makande, mara moja kwa mwezi pilau ya nyama. Hatuna haja ya kushangaza mtu. Tumeona kwamba watoto wanapenda kujua leo ni zamu ya nini, na wakikuta kingine wanauliza.

Nguzo yetu ni dagaa wa soko la Mwaloni, Kirumba. Dagaa wa ziwani huvuliwa kwa taa, usiku wa giza. Mwezi ukiwa mpevu taa hazifui dafu, mitumbwi mingi inapumzika, na bei inapanda. Kwa hiyo mnunuzi wetu anaangalia mwezi kabla ya kuangalia pochi: tunanunua wakati wa giza, tunatunza kwenye ndoo yenye mfuniko unaobana, mbalamwezi ikifika hatubabaiki.

Ukitumwa dagaa, usinunue kwa macho. Chota konzi moja, sugua polepole katikati ya viganja, halafu rudisha. Ukiona chembechembe zimebaki kwenye mistari ya kiganja, hao walianikwa chini kwenye mchanga, na utawaosha mpaka uchoke. Waliokaushwa kwenye chanja ni ghali kidogo lakini wanang'aa na hawana kishindo mdomoni. Hata hao waoshe kwa maji ya uvuguvugu mara tatu, chuja, kisha kaanga wakauke kabla hujaweka kitunguu na nyanya. Anayetupa dagaa wabichi ndani ya mchuzi anapika uji wa samaki, na tumeshasema hivyo kwenye kikao zaidi ya mara moja.

Kiangazi tunapeleka pia michembe, yaani viazi vitamu vilivyokatwa na kukaushwa, iliyopikwa na karanga. Vijana waliotoka Magu na Misungwi wakiiona wanaacha kuongea.

Kuna vitu ambavyo hampiki?

Nguruwe na kambale. Nguruwe kwa sababu ya Waislamu na Wasabato, kambale kwa sababu ya Wasabato, ambao hawali samaki asiye na magamba. Nyama tunanunua bucha ambako mchinjaji ni Mwislamu. Tukifanya hivyo, sufuria inakuwa moja kwa wote na hakuna mtoto anayetengwa kwenda kula pembeni.

Kwa watu 60, kiasi gani?

Kipimo chetu cha vikavu, kwa vijana wanaokua na wanaokula kweli: mchele kilo 9 hadi 10, unga wa sembe kilo 13, maharage kilo 6, dagaa kilo 3 na nusu. Mafuta lita 2 yanatosha, usiongeze kwa huruma. Mboga za majani nunua nyingi kuliko unavyodhani, maana mchicha ukiingia motoni unanywea.

Ukikaribia kuongeza kitu, ongeza maharage, acha mchele.

Sijawahi kupikia watu wengi. Nitaweza?

Utaweza, ila usichukue kipimo cha nyumbani ukakizidisha. Kwenye sufuria kubwa maji hayapotei haraka kama kwenye sufuria ndogo, hivyo wali wa kilo 10 unataka maji pungufu kwa kila kilo kuliko wali wa kilo moja. Ukizidisha tu, utapeleka bokoboko. Sisi tunaanza na maji kidogo, tunabakiza birika la maji ya moto pembeni, na tunaongeza tukiona haja. Wali ukikauka tunaupalia kwa mkaa kidogo juu ya mfuniko, tukifunika kwanza kwa jani la mgomba. Wapo wanaofunika kwa nailoni. Hapana. Plastiki ikipata mvuke na moto inaachia vitu ambavyo hutaki mtoto ale.

Ugali wa watu 60 hausongwi na mtu mmoja wala kwa sufuria moja. Gawanya sufuria mbili, kila moja mtu wa kusonga na mtu wa kushikilia. Mshikiliaji ndiye anayezuia ajali, kwa hiyo asiwe mtu wa kuangalia simu.

Zamu yako ya kwanza utawekwa na mzoefu. Wengi wa wazoefu ni akina mama waliowahi kufanya biashara ya mama lishe, na ukiwaamkia vizuri watakufundisha mambo ambayo hayajaandikwa popote.

Naweza kupika nyumbani nikaleta?

Unaweza, ukikubali masharti machache. Tunayasimamia kwa ukali kuliko jambo lingine lolote, kwa sababu mtu mzima akiharibikiwa tumbo anakunywa maji anapumzika, lakini mtoto aliyeingia kituoni wiki iliyopita, mwili umedhoofika, kuhara kunaweza kumpeleka wodini.

Chakula kilichoiva kisikae kwenye joto la kawaida zaidi ya saa 2. Ama kiwe cha moto, nyuzi 60 za Selsiasi kwenda juu, ama kiwe kwenye friji chini ya nyuzi 5. Huo ni mwongozo wa Shirika la Afya Duniani na haujali kwamba umepika kwa upendo. Kwa lugha ya jikoni: ukifungua hotpoti kituoni na mvuke haukupigi usoni, chakula hicho kimechelewa. Kama nyumba yako iko Igoma na unategemea daladala saa za jioni, ni afadhali uje kupika kituoni.

Wali ndio unaodanganya watu. Kuna bakteria ambao mbegu zao hazifi hata mchele ukichemka. Wali ukiachwa vuguvugu wanazaliana na kutoa sumu, na sumu hiyo haiondoki ukipasha upya. Kwa hiyo hatupokei wali uliolala, hata kama unanukia vizuri.

Maharage, hasa mekundu, yaloweke usiku kucha, mwaga maji hayo, kisha yachemke kwa nguvu. Yakipikwa kwa moto wa kuvizia yanabaki na sumu yake ya asili na yanatapisha.

Kuhusu vyombo: ndoo za rangi haziingii hapa, hata uzioshe vipi. Wala usifunge chakula kwenye mifuko ya plastiki. Mbali na kwamba mifuko hiyo imepigwa marufuku nchini tangu tarehe 1 Juni 2019, chakula cha moto na plastiki laini havipatani. Sufuria yenye mfuniko, hotpoti, au beseni la alumini lililofunikwa kitambaa safi. Basi.

Tuna chakula kimebaki harusini. Mnakuja kukichukua?

Swali hili linakuja saa sita usiku, Jumamosi, na jibu karibu kila mara ni hapana. Chakula cha ukumbini kimeanza kupikwa mchana, kimepakuliwa saa mbili au tatu usiku, kimekaa wazi wakati MC anaita ndugu wa bwana harusi kwa mara ya nne. Ukitupigia umeshapita muda wake.

Kinachopokelewa ni kile ambacho hakijafika mezani: mchele usiopikwa, vitunguu, matikiti mazima, soda zilizofungwa, mafuta. Kama unataka sherehe yako ikumbuke kituo, sema na mpishi wako mapema atenge hivyo kabla hajaanza kazi. Wapishi wa sherehe wengi wanakubali, kwa kuwa hata wao huwa na ziada.

Nina gunia la mahindi la mwaka juzi. Ni zuri tu, limepata unyevu kidogo.

Tunashukuru, hapana. Mahindi na karanga vikipata unyevu vinaota ukungu, na ukungu huo unaweza kutoa sumukuvu, ambayo haionekani, haina harufu na haifi ukipika. Mwaka 2016 watu walipoteza maisha Dodoma na Manyara kwa kula mahindi yenye sumu hiyo. Gunia ambalo hutalisaga ule nyumbani kwako usituletee sisi, na usilipeleke hata kwa kuku.

Mnapikia kuni?

Gesi, na mkaa kidogo wa kupalia wali. Serikali imeshazitaka taasisi zinazopikia watu zaidi ya 100 kwa siku kuachana na kuni na mkaa, na Mkakati wa Taifa wa Nishati Safi ya Kupikia unalenga asilimia 80 ya Watanzania wawe wanatumia nishati safi ifikapo 2034. Sisi hatufiki idadi hiyo, lakini moshi wa kuni kwenye jiko la kituo ulikuwa unaingia moja kwa moja kwenye bweni. Mtungi mkubwa ndio gharama yetu kubwa baada ya chakula chenyewe. Ukiuliza uchangie nini, anza na gesi.

Ramadhani inakuwaje?

Zamu haisimami, saa zinasogea. Tunafika kabla ya magharibi, tende na uji vinatangulia kwa waliofunga, chakula kamili kinafuata kwa wote pamoja. Daku inaandaliwa na kituo. Sisi tunaacha viazi au mihogo iliyochemshwa kwa ajili hiyo.

Nikifika pale nafanya nini hasa?

Unanawa mikono, unavaa kitambaa kichwani, unampa shikamoo mlezi, unapewa kazi. Chakula hupakuliwa saa kumi na mbili na nusu jioni. Wakubwa wanasaidia kupakua kwa zamu yao wenyewe, na huo ni utaratibu wa kituo, usiwanyang'anye mwiko kwa kuwaonea huruma.

Ukimaliza kupakua, kaa ule nao. Hili watu wanalisahau. Wanasimama nyuma ya meza wamekunja mikono, wanatazama watoto wakila kana kwamba ni maonyesho ya Nane Nane. Chukua sahani, kaa kwenye mkeka, ongea mpira. Yanga na Simba zinatosha kumaliza jioni.

Utaona mambo. Mtoto mgeni anakula haraka, mkono wa kushoto umezunguka sahani kama ukuta. Mwingine anakula nusu ya chapati na nusu anaisokota vizuri, inaingia mfukoni. Usimwambie kitu. Huko alikotoka hakuna aliyemhakikishia kesho, na mlezi anajua: baada ya wiki kadhaa za kukuta chakula mahali pale pale, saa ile ile, mfuko unabaki mtupu wenyewe. Akiona zamu imekosekana mara moja, chapati inarudi mfukoni.

Naweza kuja na watoto wangu?

Ndiyo, kuanzia miaka 10, wawili kwa zamu, na wanakuja kufanya kazi. Usiwalete ili "waone jinsi wenzao wanavyoteseka". Watoto wa kituo wanasikia Kiswahili kama wewe.

Naweza kupiga picha mbili tatu za kuweka status?

Sufuria, ndiyo. Dagaa, ndiyo. Mtoto, hapana, hata mgongo, hata ukiziba uso kwa emoji. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inalinda faragha na utu wake, na Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 haimsahau. Ukiacha sheria, kuna kijana hapa aliwahi kutambuliwa darasani kwa picha iliyopigwa na mgeni wa sikukuu. Alikaa siku kadhaa bila kwenda shule. Kwa sababu hiyo pia hatutaji jina wala mtaa wa kituo kwa asiye kwenye zamu.

Kampuni zinazotaka kuja na fulana, bango na mpiga picha tunaziomba ziandike barua kwa uongozi wa kituo na ofisi ya ustawi wa jamii. Nyingi haziandiki.

Mtoto akiniomba hela au namba yangu ya simu?

Mwambie kwa upole haruhusiwi na wewe huruhusiwi, kisha mjulishe mlezi. Hakuna zawadi ya mtu mmoja, hakuna kumchukua kwenda kutembea, hakuna kuchati naye. Najua inaonekana ukatili. Mtu mwema na mtu mbaya wakianza, wanaanza hivyo hivyo, na sisi hatuna mashine ya kuwatofautisha.

Akiniambia jambo zito?

Msikilize, usimhoji, usimwahidi kwamba utaficha. Usiku huo huo mwambie mlezi wa zamu, naye ana utaratibu wa kumfikishia afisa ustawi wa jamii. Kama jambo lenyewe linamhusu mtu wa kituoni, au unaona halishughulikiwi, piga 116, simu ya huduma kwa mtoto. Ni bure kwa mitandao yote.

Hamuoni mnawazoesha? Wakipewa chakula si watabaki hapo hapo?

Tunaulizwa hili hata na watu waliokuja kuchangia. Aliyeko stendi tayari anakula: anaosha vyombo kwa mama lishe apewe makombo, anabeba mizigo, anaiba, au anakubali chakula cha mtu mwenye lengo lake. Akijua kwamba saa kumi na mbili na nusu kuna ugali ambao haudai kitu, anakuja kituoni. Akija jioni moja anakula na kuondoka. Akija jioni nyingi anaanza kutaja jina la kijiji, halafu la shangazi, na hapo ndipo watu wa ustawi wa jamii wanapata pa kuanzia kumtafutia nyumbani. Wapo waliorudi kwa bibi zao kwa njia hiyo. Wapo waliorudi mtaani pia, na wakija tena Alhamisi wanapakuliwa.

Anayedhani mtoto anabaki kituoni kwa sababu ya maharage yetu, aje ayaonje.

Mchango wa pesa unapita wapi?

Kwenye namba ya kikundi, inayosoma jina la kikundi. Jina la mtu likitokea, usitume. Mweka hazina anaweka mapato na matumizi kwenye kundi la WhatsApp kila mwisho wa wiki, pamoja na picha za risiti. Sokoni wengi hawatoi risiti, hivyo tuna daftari: bidhaa, kiasi, bei, sahihi ya muuzaji. Muuza nyanya wetu sasa hata hasubiri kuombwa, anachukua kalamu mwenyewe.

Nikishindwa kufika zamu yangu?

Sema kabla ya saa sita mchana wa siku iliyotangulia. Hatutakuuliza sababu, tutamwita wa akiba. Ukisema siku yenyewe asubuhi, tafuta mwenyewe wa kubadilishana naye. Ukinyamaza, mlezi atafungua debe la dharura la makande tuliloacha pale, watoto watakula saa mbili usiku badala ya saa kumi na mbili na nusu, na jina lako litatoka kwenye orodha. Tunapendelea mtu anayechukua zamu moja kwa miezi miwili na kuishika kuliko anayejiandikisha nne kwa furaha.

Na mahubiri?

Hapana, ya dini yoyote. Dua fupi kabla ya kula huombwa na watoto wenyewe, kwa zamu.

Nguo na viatu vya mtumba?

Piga simu kituoni waulize wanataka saizi gani. Kwetu usilete, hatuna stoo.

Sufuria langu nitalipata?

Sufuria ndiyo, mfuniko sina hakika. Mifuniko ya Mwanza nzima inafanana. Andika herufi za jina lako chini ya sufuria na ndani ya mfuniko kwa rangi ya kucha, nyekundu inadumu kuliko nyingine. Vyombo vilivyosahaulika viko kwenye kabati la mratibu, na mwenye hotpoti ya bluu yenye maua, tangu Desemba, aje aichukue.